Jangwani Inapofungwa: Mgonjwa Ajiandaeje kwa Masika na Vimbunga?

Kimbunga Hidaya kilipofika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulikuwa umesitishwa, na wakazi wengi wa jiji walikuwa ndani wakifuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kimbunga kilipungua nguvu kilipoigusa nchi kavu, na jiji likashusha pumzi. Hata hivyo, mvua iliyoambatana nacho iliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Kwa mgonjwa wa Kilwa au Lindi aliyekuwa na miadi katika hospitali za Dar es Salaam wiki ile, kimbunga kilikuwa kimepita, lakini njia ya kumfikia daktari wake ilikuwa imekatika.

Tukio hilo lina funzo kwa kila anayeishi kwa dawa katika pwani hii. Upepo hutisha, na ni haki uogopwe. Lakini madhara mengi kwa afya huletwa na maji, na kwa mwenye ugonjwa wa kudumu huletwa na siku chache za kutengana na kliniki yake. Siku hizo zinaweza kuandaliwa mapema, bila gharama kubwa, iwapo mgonjwa na mhudumu wake wa afya watalizungumza jambo hilo kabla mawingu hayajatanda.

Kwa nini Aprili na Mei

Vimbunga vya Bahari ya Hindi huhitaji maji ya bahari yenye joto la takriban nyuzi 26 na zaidi, na huhitaji pia kuwa mbali kidogo na ikweta, kwa kuwa ni huko ndiko mzunguko wa dunia unapoweza kuufanya upepo uzunguke. Dar es Salaam ipo chini kidogo ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kisiwa cha Madagascar hukinga dhoruba nyingi zinazotoka mashariki. Ndiyo maana vimbunga hufika hapa kwa nadra. Nadra, hata hivyo, si kutokuwepo.

Katika Aprili 1872, wakati wa Sultani Barghash, kimbunga kilipiga Unguja, kikaharibu merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi kwa wingi. Katika Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kiliingia kaskazini mwa Msumbiji, karibu na mpaka, baada ya wakazi wa Mtwara kutahadharishwa. Mwishoni mwa Aprili 2021, Kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania kabla ya kufifia baharini. Kisha Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024.

Anayeziangalia tarehe hizo huona jambo moja: zote zimeangukia Aprili na Mei, wakati kaskazi imekwisha na kusi inaanza, na mvua za masika zimepamba moto. Maana yake ni kwamba kimbunga kinapokaribia Dar es Salaam, hakikuti ardhi kavu. Hukuta udongo ulioshiba maji, mito iliyojaa, na mifereji iliyozibwa na taka za miezi kadhaa. Hata kimbunga dhaifu, au mvua kubwa isiyo na kimbunga kabisa, hutosha kuleta maafa. Mwaka 2024, kabla Hidaya hakijapewa jina, Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza bungeni vifo vya watu 155 vilivyosababishwa na mvua na mafuriko nchini tangu Januari.

Bonde linalogawa jiji

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani hupita Kigogo, Mchikichini na Jangwani, katika bonde lililo kati ya Kariakoo na Magomeni. Bonde hilo ndilo mahali pa asili pa mto kupumzikia unapofurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Tangu hapo maji yamerudi mara kadhaa, na kituo cha mabasi yaendayo haraka kilichojengwa Jangwani kimefunikwa zaidi ya mara moja. Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi unaendelea, lakini masika hayasubiri mradi ukamilike.

Kwa mhudumu wa afya, Jangwani ni zaidi ya mahali penye maji. Barabara ya Morogoro inapofungwa kati ya Magomeni na Fire, wanaoishi upande wa magharibi wa bonde hutenganishwa na Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyopo Upanga, na wauguzi wanaoishi huko hushindwa kufika zamu. Wakati huohuo, bahari inapochafuka, kivuko cha Kigamboni nacho kinaweza kusimamishwa, na wakazi wengi wa ng'ambo hulazimika kutegemea Daraja la Nyerere. Umbali ambao siku ya kawaida ni wa dakika ishirini huweza kuwa wa nusu siku, au ukashindikana kabisa.

Dawa isiyoruhusu pengo

Ushauri wa kawaida wa kujiandaa na dhoruba huanza na maji, chakula na tochi. Hivyo vyote ni vya lazima, lakini kwa mgonjwa wa kudumu haviwezi kutangulia mbele ya dawa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini hapaswi kuiacha kwa sababu amekula kidogo. Ajadiliane mapema na daktari wake kuhusu namna ya kupunguza kipimo. Umeme ukikatika, insulini haiharibiki mara moja. Chupa iliyokwisha kufunguliwa hudumu takriban wiki nne katika joto lisilozidi nyuzi 30, ila joto la Dar es Salaam mara nyingi huuvuka mpaka huo mchana. Hapo mtungi wa udongo unafaa: insulini hutiwa ndani ya chombo kikavu kilichofungwa vizuri, na chombo huwekwa ndani ya mtungi uliolowanishwa, kivulini penye hewa. Isiwekwe kwenye friza wala kugusana na barafu, kwa kuwa iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla anaweza kupata degedege zinazofuatana bila kupumzika, na hali hiyo inaua. Baadhi ya dawa za shinikizo la juu la damu nazo zikiachwa ghafla hupandisha shinikizo kuliko lilivyokuwa awali. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta, kwa sababu nyumba iliyoingiwa na maji huota ukungu ukutani ndani ya siku chache. Mgonjwa wa selimundu hudhurika kwa baridi na kwa kukosa maji mwilini. Nguo kavu, maji ya kunywa ya kutosha na dawa za maumivu alizoandikiwa ni sehemu ya matibabu yake.

Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na ambaye hali yake ni imara aulize katika kliniki yake kuhusu kupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja, ili miadi yake isiangukie katikati ya Aprili. Mgonjwa wa kifua kikuu ajue kituo kingine kilicho upande wake wa bonde ambacho kinaweza kumhudumia, na awe na kadi yake mkononi.

Aliye katika hatari kubwa zaidi ni anayesafishwa damu kwa mashine. Wengi huhitaji huduma hiyo mara tatu kwa wiki. Akikosa awamu moja au mbili, maji na madini ya potasiamu hujikusanya mwilini, na potasiamu iliyozidi husimamisha moyo. Ikitolewa tahadhari ya mvua kubwa, apige simu kituoni kuuliza kama anaweza kuhudumiwa mapema. Anaposubiri, apunguze vinywaji na chumvi, na ajiepushe na ndizi, machungwa, nyanya na viazi. Ajihadhari hasa na maji ya dafu. Katika pwani hii dafu husifiwa kuwa dawa ya kila udhaifu, na kwa mtu mwenye figo nzima halina neno. Kwa mgonjwa huyu, dafu lenye potasiamu nyingi linaweza kuwa hatari kuliko dhoruba yenyewe.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua, na anayeishi bondeni au ng'ambo ya maji, afikirie kuhamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki moja au mbili kabla ya siku zake. Namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyolipiwa, huratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Ndoo yenye mfuniko

Chombo kinachofaa kuhifadhi vitu hivi ni cha kawaida na kinapatikana Kariakoo kwa bei nafuu: ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana. Haipitishi maji, huelea, na mtoto anaweza kuibeba. Ndani yake huwekwa dawa za wiki mbili, cheti cha dawa chenye majina na vipimo, kadi ya kliniki na ya bima, pakiti za chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, vidonge vya kutibu maji, sabuni, tochi na redio ndogo. Karatasi zote zipigwe picha, na picha zitumwe kwa ndugu anayeishi mahali pa juu, kwa sababu simu nayo hulowa.

Tatizo la wengi ni fedha. Mama lishe anayenunua dawa zake za shinikizo la damu kwa siku tatu tatu, au mbeba mizigo wa sokoni anayelipwa kwa siku, hawezi kuambiwa anunue dawa za wiki mbili kwa mkupuo. Anaweza, hata hivyo, kuanza Novemba na kuongeza dawa za siku tatu kila mwezi. Ifikapo mwisho wa Februari atakuwa na akiba ya siku kumi na mbili. Dawa za akiba zitumiwe kwa zamu: za zamani zitangulie, mpya zichukue nafasi yake, zisije zikaisha muda ndani ya ndoo.

Dawa iliyolowa katika mafuriko isikaushwe juani na kutumiwa, hata kama kidonge kinaonekana kizima. Vivyo hivyo, baada ya mafuriko, mnunuzi ajihadhari na dawa za bei ya chini isivyo kawaida zenye pakiti zilizofifia au zilizovimba.

Kalenda ya magonjwa baada ya maji

Maji yanapopungua, hatari hubadilika sura. Mhudumu anayeijua kalenda yake huweza kuutambua ugonjwa unapoanza kujitokeza.

Katika saa za kwanza huja kuzama, kupigwa na umeme na majeraha. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Swichi kuu ya umeme izimwe kabla maji hayajaingia, na isiguswe na aliyesimama majini. Kila jeraha lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, na mwenye jeraha aende kituoni akaangaliwe chanjo yake ya pepopunda.

Kuanzia saa chache hadi siku tano baada ya kunywa maji machafu, kipindupindu huweza kuanza. Katika mitaa yenye vyoo vya shimo hatari huongezwa na desturi ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha, yaani kufungulia kinyesi kiende na maji. Anayefanya hivyo huona ameokoa gharama ya gari la kunyonya majitaka. Jirani wa chini hulipa gharama hiyo kwa afya ya watoto wake. Mlipuko uliozuka Dar es Salaam Agosti 2015, hata kabla ya mvua za vuli, ulisambaa mikoani na kuwapata watu zaidi ya 20,000. Kwa upande mwingine, Beira nchini Msumbiji, baada ya Kimbunga Idai cha Machi 2019, walipatikana wagonjwa zaidi ya 6,000, lakini vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vichache mno, kwa sababu vituo vya matibabu vilifunguliwa haraka na chanjo ikatolewa kwa watu wengi ndani ya siku chache. Kipindupindu kikiwahiwa hakiui.

Matibabu huanzia nyumbani. Pakiti moja ya chumvi huyeyushwa katika lita moja ya maji safi na hutumiwa ndani ya saa 24. Pakiti ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, huchanganywa katika lita moja. Mtoto aendelee kunyonya na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Anayeharisha maji mengi meupe kama ya mchele akimbizwe kituoni huku akinyweshwa njiani.

Katika wiki ya kwanza hadi ya pili, homa ya mgunda huweza kujitokeza kwa waliotembea katika maji yaliyochanganyika na mkojo wa panya au mifugo. Ugonjwa huu ulifahamika kwa jina hilo nchini mwaka 2022, ulipozuka Ruangwa mkoani Lindi. Dalili zake ni homa, maumivu makali ya misuli hasa ya ndama za miguu, macho mekundu, na baadaye manjano. Hutibika kwa viuavijasumu vikitolewa mapema. Viatu vya mpira kwa anayesafisha nyumba au duka lililoingiwa na maji ni kinga iliyo rahisi.

Wiki ya pili na kuendelea huleta homa ya dengue, au kidingapopo, ambayo imewahi kulikumba jiji hili mwaka 2010, 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyotulia ndani ya matairi, makopo, vifuu na ndoo zisizofunikwa. Malaria huongezeka baadaye zaidi, kwa kawaida baada ya mwezi mmoja au zaidi, mbu wa usiku wanapokuwa wamezaliana madimbwini.

Hapo ndipo makosa ya tiba hutokea. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, mgonjwa mwenye homa bado ana ugonjwa unaotafuta jina. Mhudumu amuulize swali moja: je, ameingia katika maji ya mafuriko ndani ya mwezi uliopita? Mpaka dengue itakapoondolewa shaka, homa ishushwe kwa parasetamoli. Asipirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu.

Wajibu wa kituo cha afya

Zahanati iliyofurika haiwezi kumwokoa mtu. Kabla ya Machi, kila kituo kilicho katika eneo la chini kina kazi tano. Dawa, rejesta na mashine ziinuliwe juu ya sakafu, angalau kuvuka alama ya maji ya mafuriko yaliyopita. Genereta ijaribiwe ikiwa na mzigo wa kweli, na mafuta yake yawepo. Majokofu ya chanjo yawe na makasha ya baridi ya akiba na mahali palipokubaliwa pa kuhamishia chanjo. Zamu zipangwe kwa kuzingatia nani anaishi upande upi wa bonde. Na iandaliwe orodha ya wagonjwa wasioweza kusubiri: wa figo, wa insulini, wa kifua kikuu, wajawazito wa miezi ya mwisho, na wasioweza kutembea, pamoja na namba zao za simu. Orodha hiyo itunzwe kwa usiri wa kitabibu, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ajue nyumba za kuanzia, bila kutangaza ugonjwa wa mtu mtaani.

Kusoma tahadhari

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za siku tano kwa viwango vitatu, na kila kiwango kinapaswa kuwa na tendo lake nyumbani. Kwa *Angalizo*, lenye rangi ya njano, mgonjwa ahesabu dawa zake na ajaze maji katika vyombo vyenye mifuniko. Kwa *Tahadhari*, yenye rangi ya machungwa, apige simu kliniki, achaji simu, na aiweke ndoo karibu na mlango. Kwa *Tahadhari Kubwa*, yenye rangi nyekundu, anayeishi bondeni ahame akiwa na ndoo yake kabla ya usiku, bila kungoja maji yamgongee. Namba 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba 199 ni ya Wizara ya Afya kwa maswali ya kiafya.

Huenda masika yakapita bila kimbunga, na mara nyingi ndivyo itakavyokuwa. Akiba ya dawa haitakuwa imepotea kwa sababu hiyo. Itatumika Mei na Juni kama kawaida. Lililo muhimu ni kwamba katika kliniki za Januari na Februari, kabla mgonjwa hajanyanyuka kitini, swali hili liulizwe na ama yeye au anayemhudumia: barabara ikifungwa kwa wiki nzima, utafanyaje? Jibu likiwa tayari limeandikwa nyuma ya kadi, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika.